Nafumua sketi za wenzangu usiku. Nifanye nini?

*"Nafanya kazi kwenye karakana ya ushonaji hapa Nairobi, upande wa Jogoo Road. Tunashona sare za shule. Tuko saba. Kuna mzee aliyeshika mkasi kabla mimi sijazaliwa. Yeye ndiye mkataji wetu na anashona pia. Kuna kijana aliyetoka chuo na diploma, anajua kuchora patani kwenye kompyuta. Kuna wasichana wawili walioanza mwezi wa nane, wako polepole sana na sketi za marinda zinawashinda. Wengine wawili wako katikati kama mimi. Mwezi uliopita mama mwenye karakana alinifanya msimamizi, labda kwa sababu sigombani na mtu. Tunalipwa kwa kipande. Nikiona sketi za hao wasichana zimepinda, nazifumua mwenyewe jioni wakishaondoka, nazishona upya, natoka saa tatu usiku. Mzee hataki kufundisha; ukimuuliza anasema tu 'tazama'. Siku hizi pia hataki kushona nguo nyeusi ikifika jioni, anawasukumia wengine, naona ni kiburi. Kijana wa chuo alimwambia mbele ya mteja kwamba anapoteza kitambaa, na tangu siku hiyo hawasemezani. Mama anasema mwisho wa mwezi atakata pesa za vitambaa vilivyoharibika, na kabla Januari haijafika wasichana waondoke. Nimwambie awafute sasa ama nivumilie? Na huyu mzee nimfanye nini?"*

Dada yangu, pole kwa hizo saa za usiku. Umeniuliza kuhusu watu: mzee, kijana, wasichana, mama mwenye karakana. Nimesoma barua yako mara mbili, na ninavyoona mimi, sehemu kubwa ya vurugu hiyo haikuanzia kwenye tabia ya mtu yeyote kati yao. Imeanzia kwenye mambo mawili: jinsi pesa inavyogawanywa, na kinachofanyiwa sketi iliyoharibika. Hilo la pili liko mikononi mwako, kwa hiyo tuanze nalo.

Unapofumua sketi ya mwenzako usiku na kuishona upya unafanya jambo la huruma. Naomba uache. Msichana akiingia asubuhi anakuta rundo la sketi zilizonyooka, na kama mtu yeyote mwenye akili timamu anaamua kwamba marinda yake si mabaya. Leo atashona vilevile. Mama naye akihesabu anaona kazi imetoka. Hajui kwamba imetoka kwa usingizi wako. Umelizika kosa kabla mwenyewe hajaliona.

Nasema hivi kwa sababu nilifanyiwa. Nilipokuwa mwanagenzi, yaani mwanafunzi wa kazi, kwenye karakana ambayo sitaitaja, niliwekwa kwenye kola za mashati. Fundi aliyenisimamia alikuwa mpole kama wewe, na kila jioni alikuwa akifumua za kwangu. Nilikaa miezi minane nikiamini kwamba kola nazijua, nikajisifu hata nyumbani. Siku fundi huyo alipolazwa na malaria, mashati yalirudishwa na mteja yakiwa kwenye gunia, na ndipo nikaambiwa kwamba hakuna kola yangu hata moja iliyowahi kutoka pale mlangoni. Aibu ile naisikia mpaka leo. Angenirudishia moja tu, siku ya kwanza, tungecheka na kuendelea na kazi.

Basi sketi iliyopinda irudi kwa aliyeishona. Irudi asubuhi, kabla mashine hazijaanza kunguruma, mkiwa wawili tu, si mbele ya karakana nzima. Kabla hajafumua muulize: ilianza kupindia wapi? Mwache aitafute. Kisha afumue mwenyewe kuanzia hapo.

Ukifanya hivyo kwa siku tatu nne utagundua kwamba makosa hayafanani. Kuna kosa la mkono kuteleza, au uzi wa bobini kuisha katikati ya mshono. Hilo halihitaji hotuba, hata wewe linakupata. Kuna kosa la kutojua: hajui kwamba rinda linashikizwa kwanza kwa uzi wa mkono pale juu, ndipo liende kwenye mashine. Huyo mwonyeshe. Halafu kuna la tatu, ambalo kwenye karakana za kulipana kwa kipande ndilo nimeliona zaidi: anajua vizuri kwamba rinda linashikizwa, lakini kushikiza hakulipwi, sketi iliyokamilika ndiyo inayolipwa, kwa hiyo anaruka. Huyo ukimfundisha upya unapoteza muda wako na unamdharau. Anachokufanyia ni hesabu, na hesabu yenyewe ni sahihi.

Sasa hilo la polepole. Wengi wetu tukimwona mtu anakokota mikono tunasema ni mvivu, au hana kipaji. Fikiria kinachoendelea kichwani mwake. Nafasi tuliyo nayo ya kushika mambo mapya kwa wakati mmoja ni finyu: mwaka 1956 mwanasaikolojia Mmarekani George Miller aliikadiria kuwa mambo kama saba, na watafiti waliofuata wakaishusha hadi karibu manne. Msichana wako akiwa kwenye rinda moja anashika upana wake, anashika linalazwa upande gani, anafuata mstari wa chaki, anachunga mguu usikanyage pedali mashine ikakimbia, anashika kitambaa kisivutike. Tayari amejaa. Hapo ndipo wewe unapopita nyuma yake na kusema "nyoosha, nyoosha", na ghafla anasahau mguu. Wewe unafanya yote hayo bila kuyafikiria, kwa hiyo kichwa chako kiko wazi kusikiliza redio. Yeye redio haisikii kabisa.

Kwa hiyo mpunguzie. Kata ukanda wa kadibodi wenye upana wa rinda, auweke juu ya kitambaa na kupiga chaki kando yake. Upana na mstari vitakuwa vimetoka kichwani na kuingia kwenye kadibodi. Usimsemeshe akiwa kwenye mashine, ngoja asimame. Na tafadhali usiende kumpa mzee ukanda huo kwa kisingizio kwamba wote mnafuata utaratibu mmoja. Msaada unaomwinua anayeanza humkwaza aliyebobea, kwa sababu unamlazimisha kufikiria jambo ambalo mikono yake ilishaacha kulifikiria zamani. Wasimamizi wapya hupenda sana usawa wa namna hiyo, na mimi ningependa uukwepe.

Lakini hata kabla ya kadibodi nina swali. Nani aliamua kwamba watu wa miezi mitatu waanzie kwenye marinda?

Miaka ya 1970 mwanaanthropolojia Mmarekani, Jean Lave, alikwenda Liberia akakaa na mafundi cherehani wa makabila ya Vai na Gola jijini Monrovia, akitaka kujua wanagenzi hujifunzaje mahali pasipo na darasa wala mtihani. Alikuta kwamba walikuwa wakiianza kazi kwa kurudi nyuma. Mwanagenzi alianza na mwisho wa nguo: kupiga pasi, kutia vifungo, kupinda pindo. Baadaye ndipo aliposhona vipande pamoja. Kukata kulikuja mwisho kabisa. Nguo zenyewe pia zilikuwa na ngazi: kofia na nguo za ndani, nguo za watoto, na juu kabisa suti.

Ukitafakari kidogo utaona hekima yake. Anayepiga pasi sketi iliyokamilika kwa wiki mbili tatu anaijua sketi ilivyo. Vidole vyake vimepita kila mahali mshono unapokutana na mwingine. Akija kuviunganisha vipande, anajua anaelekea wapi. Na akishashona sana ndipo anapoelewa kwa nini mkataji aliacha nafasi pale. Halafu kuna bei ya kosa. Kifungo kikikaa vibaya unakata uzi, umemaliza. Mshono ukipinda unafumua, unapoteza nusu saa. Kitambaa kikishakatwa vibaya hakirudi tena dukani Biashara Street wala Eastleigh. Wenzetu wa Monrovia walimweka anayeanza mahali ambapo kosa lake ni senti, wakampandisha polepole kuelekea mahali ambapo kosa ni jora zima.

Wasichana wako wamewekwa katikati ya ngazi, kwenye sehemu ngumu kuliko zote za sketi. Washushe. Wachukue pindo, vifungo na pasi za karakana nzima, na kila siku asubuhi, wakiwa hawajachoka, kila mmoja ashone sketi moja ya marinda pasipo haraka. Moja tu. Ikinyooka siku tano mfululizo, ziwe mbili.

Najua unachofikiria. Pindo na vifungo vinalipa kidogo kuliko sketi nzima, na wao wana kodi ya nyumba na nauli kama mtu mwingine. Uko sahihi, na hapo ndipo tunapofika kwenye lile jambo la kwanza, la pesa.

Malipo ya kipande ni mazuri kwa mtu anayeijua kazi: akiongeza mkono, anaongeza chakula. Kwa anayejifunza ni sumu, kwa sababu yanamlipa kasi wakati anachohitaji kulipwa ni usahihi. Na yanamharibu hata anayefundisha. Chukua mfano wa mkononi: tuseme sketi inamlipa mzee shilingi 100 na inamchukua nusu saa. Akikaa saa moja na msichana, ametoa shilingi 200 mfukoni mwake. Akimfundisha vizuri, mwaka ujao kuna mkono mwingine unaogombania sketi zilezile. Kumwambia afundishe bure ni kumwambia awalipie watoto wa watu karo. Tunapenda kusema kuuliza si ujinga, lakini katika karakana yenu kila swali lina bei yake, na anayelipa ni anayeulizwa.

Kwa hiyo nenda kwa mama na mapendekezo mawili. Kwanza, wasichana walipwe kwa siku hadi mwisho wa Februari, kisha warudi kwenye kipande. Pili, saa ya kufundisha ihesabiwe: tuseme Jumatatu na Alhamisi asubuhi, saa moja kila siku, na anayefundisha alipwe kiasi ambacho angekipata kwenye mashine yake saa hiyo. Mama atasema ni ghali. Atakuwa na haki ya kusema hivyo, na pia ana haki ya kuogopa kwamba anayelipwa kwa siku atalegea. Wapo wanaolegea, ndiyo maana unaweka tarehe ya mwisho. Lakini usiende mikono mitupu. Ndani ya wiki moja ya kutofumua usiku utakuwa na kitu ambacho hujawahi kumwonyesha: daftari la sketi ngapi zilipinda, zilipindia wapi, na saa ngapi zilitumika kuzirekebisha. Mpaka sasa gharama hiyo umekuwa ukiilipa wewe kimyakimya, ndiyo maana kwake inaonekana ni sifuri.

Ukiwa na daftari hilo, angalia pia mahali rundo linapokaa. Sketi hupita mikononi mwa watu: mkataji, ovaloki, marinda, zipu, ukanda wa kiunoni, pindo, pasi. Kwenye kazi ya namna hii karakana haiwezi kuishinda kasi ya hatua iliyo polepole kuliko zote. Mzee akitia zipu 40 kwa siku na kwenye ukanda zinatoka 25 tu, zile 15 za ziada mmezipanga tu kwenye meza. Saa kumi alasiri inuka, tazama rundo kubwa liko kwa nani. Hapo ndipo mkono mzuri unapotakiwa kwa saa moja. Wakati mwingine utakuta rundo liko kwa mtu hodari kabisa, aliyepewa tu vingi kupita kiasi.

Tuje kwa mzee na lile neno lake, "tazama".

Mbali na pesa, kuna jambo jingine linalomfunga, na silo uchoyo. Mwaka 1990 Elizabeth Newton, mwanafunzi wa uzamifu Chuo Kikuu cha Stanford, aliwapa watu nyimbo zinazojulikana na kila mtu, wagonge mapigo yake mezani kwa vidole, mwenzao asikilize na kutaja ni wimbo gani. Wagongaji walidhani nusu ya nyimbo zitatambuliwa. Zilipigwa 120, zikatambuliwa tatu. Jaribu leo na wimbo wa taifa wakati wa chai. Wewe unayegonga unasikia muziki wote kichwani, mpaka unashangaa mwenzako ana nini. Yeye anasikia ko, ko, ko.

Mzee wenu anagonga meza. Anaposema "tazama" anaamini kabisa kwamba kila kitu kiko wazi pale mbele ya macho, kwa sababu kwake kiko wazi. Ukimwambia "nifundishe marinda" unamuuliza kitu kikubwa mno. Miaka yote hiyo imejikunja mikononi na haitoki kwa maneno. Muulize kitu kidogo, akiwa nacho mkononi. "Mzee, hapa ulisimama kidogo kabla ya kugeuza kitambaa. Umeona nini?" Utashangaa atakavyojibu. Atakwambia kitambaa hiki kinavutika upande mmoja, au jora hili lilikunjwa vibaya dukani. Kisha msichana amweleze mzee kwa maneno yake yeye alichoelewa. Mzee akisikia jambo lake lilivyopinduka, ataanza mwenyewe kusahihisha, na hapo anafundisha bila mtu kumwomba afundishe.

Halafu nguo nyeusi za jioni. Hapa nadhani umemsoma vibaya, dada, na naomba uende taratibu.

Umesema alishika mkasi kabla hujazaliwa. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi lenzi ya jicho huanza kukakamaa, na uwezo wa kuona vitu vya karibu hupungua mwaka hadi mwaka. Haya humpata kila binadamu. Kazi ya kwanza kumshinda fundi mwenye hali hiyo ni uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, mwanga ukiwa hafifu. Mzee asubuhi anashona chochote, jioni anakwepa nyeusi tu: mimi nikisikia hivyo nawaza macho kabla ya kuwaza kiburi. Huenda nimekosea, daktari ndiye atakayesema, siwezi kumpima mtu kwa barua. Lakini fikiria fundi ambaye jina lake lote limejengwa kwenye macho na mikono, tena analipwa kwa kipande, halafu kuna kijana wa kompyuta pembeni. Unadhani atasimama aseme haoni vizuri?

Usimuulize mbele ya watu. Kesho panga nguo nyeusi zote zishonwe asubuhi, karakana nzima, bila kutaja sababu. Nunueni taa ndogo ya kuweka kando ya mashine, na wewe pia chukua moja ili ya kwake isiwe ya pekee. Kisha siku moja mkiwa wawili mwambie kwamba unataka kupimwa macho na hutaki kwenda peke yako. Miwani ya kusomea huenda ikamaliza habari yote. Huenda pia wakakuta mtoto wa jicho, nao unatibika. Hospitali ya macho ya Lions SightFirst kule Loresho na kitengo cha macho cha Hospitali ya PCEA Kikuyu ni mahali pazuri pa kwenda. Akikwambia macho yanamuuma, anaona duara za rangi kuzunguka taa, au kuna upande haoni kabisa, msisubiri siku ya mapumziko, nendeni siku hiyohiyo.

Kijana wa chuo namwonea huruma kidogo. Aghalabu patani zikipangwa kwenye kompyuta kwa uangalifu, kitambaa kinachobaki kama vipande hupungua, kwa hiyo huenda alichokisema kilikuwa kweli. Alikisema mahali pabaya, kwa mtu asiyeweza kumjibu pale pasipo kujiaibisha mbele ya mteja. Mwite peke yake. Mwambie aende kwa mzee, amwamkie vizuri, aseme: "Mzee, nilikosea kusema mbele ya mteja." Aishie hapo. Asiongeze "lakini nilikuwa sahihi", na asiombe msamaha ule wa "kama nilikukwaza", ambao kwa wazee wetu ni tusi la pili.

Ila usikubali jambo lenyewe lizikwe pamoja na ugomvi. Chagua saizi moja tu, mathalani sketi ya kiuno cha 26. Kijana achore kwenye karatasi kubwa namna ya kulaza vipande. Mzee aichukue karatasi ile, ailaze juu ya kitambaa halisi, na abadilishe kila anachoona kitambaa hakitakubali. Kompyuta haijui kwamba jora hili lina doa pembeni au linasinyaa likiguswa na pasi. Mzee anajua kwa kuligusa tu. Mkipima kitambaa kilichobaki, kipimeni kwa jina la karatasi ya wote wawili. Nimeona watu wakifanya mashindano, huyu akate nusu na yule nusu, wapime nani kashinda. Siyapendi. Anayeshindwa hufanya kazi miezi sita akitafuta pa kulipiza.

Kuhusu nani akae na nani: silika ya kila msimamizi ni kumkabidhi mwanafunzi wa mwisho kwa fundi wa kwanza. Miaka ya 1920 mwanasaikolojia Mjerumani Otto Köhler aliwapima wapiga makasia wa Berlin wakinyanyua uzito wawili wawili, mzigo ambao mmoja akichoka wote wamekwama. Yule dhaifu alivumilia kuliko alivyovumilia akiwa peke yake, hasa pale tofauti ya nguvu ilipokuwa ya wastani. Tofauti ikiwa kubwa mno, ari hiyo ilipungua. Kushona si kunyanyua uzito, lakini yanalingana na niliyoyaona kwenye karakana. Msichana akiketi kando ya mzee anaona mlima. Akiketi kando ya wale wawili wa katikati anaona mtu aliyemtangulia kidogo, ambaye bado anakumbuka marinda yalivyomtesa. Kwa hiyo wawili wa katikati washike wasichana, mmoja mmoja. Mzee akushike wewe na hao wawili, awafundishe kukata, maana siku atakayostaafu karakana nzima itabaki bila mkataji.

Na wewe usisumbuke kwamba mzee anakushinda mkono. Msimamizi kazi yake ni kujua nani anakwama wapi.

Umeuliza kama wasichana wafutwe. Kwa maoni yangu, sasa hivi hapana. Hawajawahi kuonyeshwa kosa lao hata moja, kwa hiyo hatujui wanaweza nini. Na ukiwatoa leo utapata wawili wengine wasiojua marinda, Januari ikiwa mlangoni. Lakini sitakudanganya kwamba kila mtu hujifunza kila kazi. Wape wiki sita za utaratibu huu. Mmoja akionyeshwa jambo lilelile mara tano na bado linarudi vilevile, muiteni mzungumze waziwazi. Huenda mkono wake ni wa pasi na kumalizia, na karakana yoyote ya sare inamhitaji mtu huyo. Huenda pia kazi hii si yake, na ni heri aambiwe akiwa na miezi mitano kuliko miaka mitano.

Ikifika hapo, mama ajue kuna njia yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kazi kwa utendaji duni amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake wa kazini aliyemchagua, na amsikilize kabla ya kuamua. Kuhusu kukata pesa, kifungu cha 19 kinaruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kutokana na kosa la kukusudia. Msichana aliyepinda rinda hakukusudia. Mwambie mama kwa upole, kabla mwisho wa mwezi haujafika, kwa sababu akishakata ni vigumu kurudi nyuma bila kuona haya. Akishikilia, msianze kurushiana vifungu mbele ya cherehani. Nendeni ofisi ya kazi ya kaunti mkaonane na afisa wa kazi, na ikiwezekana nendeni pamoja na mama mwenyewe. Kama kuna mtu anatukanwa, anatishwa au anashikwashikwa humo ndani, basi usimalize mambo kwa ushauri wa barua kama huu, nenda mapema na usiende peke yako.

Jambo moja la baadaye, sare za Januari zikishaisha: ulizeni NITA, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, makao yake yako Commercial Street kule Eneo la Viwanda, kuhusu mitihani yao ya ufundi. Inapanda kutoka gredi ya tatu hadi ya kwanza. Wasichana wangekuwa na shabaha iliyoandikwa. Na mzee, kama hana karatasi yoyote ya kuonyesha kwa miaka yake yote, nadhani angependa kuwa nayo, hasa akiwa ameketi karibu na diploma ya yule kijana.

Leo jioni basi usiguse sketi. Zilizopinda ziache mezani, kila moja na kipande cha karatasi chenye jina la aliyeishona, funga mlango, uende stejini kabla nauli haijapanda.